Pombe ya Mgongoni

Mteja alikuwa anaizika kesi yake mwenyewe, tena kwa adabu zote.

"Nisikudanganye, mheshimiwa," alimwambia Wakili. "Siku ile nilikuwa nimelewa. Pombe ndiyo iliyoniponza. Nimeacha sasa, na kila niliyemkosea nimemwomba radhi. Na wewe nakuomba radhi kwa kukupotezea muda."

Wakili aliweka kalamu mezani. Alikuwa kijana nadhifu, hodari wa sheria, ila subira hakujaliwa. Alimtazama mke wa mteja, ambaye mtaani kwao aliitwa Mama Pacha. Mama Pacha aliinamisha kichwa, akawa anasugua doa lisilokuwapo kwenye gauni lake. Wakili akahamisha macho kwa Sajini, aliyesimama dirishani nyuma ya kiti cha mteja.

Sajini alikuwa amestaafu upolisi, cheo kikabaki kuwa jina. Siku hizi alimpelelezea Wakili: kutafuta mashahidi, kuyapima maneno ya watu, kujua nani kasema kweli na nani katia chumvi. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye magoti mabovu, na huruma yake haikutoka kirahisi. Aliwahi kuwahurumia watu mapema akajikuta amehurumia wezi.

Kesi yenyewe mwanzoni ilionekana nyepesi. Mteja alikuwa fundi kwenye karakana ya kuunda mabodi ya malori. Wenzake walimwita Vituko, kwa sababu siku haikupita bila kumvunja mtu mbavu. Siku moja ndoano ya winchi ilimgonga juu ya sikio. Damu haikutoka hata tone. Lakini tangu siku hiyo aliyerudi nyumbani alikuwa mtu mwingine: anasahau, kichwa kinamuuma, mwanga unamchoma macho, hasira inampanda ghafla na ikishuka analia. Baada ya kuhangaika sana, mkewe alimfikisha hospitali kubwa, kichwa kikapigwa picha, daktari akaona jeraha ndani ya ubongo. Daktari huyo huyo ndiye aliyemwambia Mama Pacha atafute mwanasheria. Alisema kuna mazoezi ya kuufundisha ubongo upya, ni ghali na ya muda mrefu, na aliyepaswa kuyalipia ni mwenye karakana. Bila hayo, Vituko angebaki hivyo hivyo hadi mwisho wa maisha yake.

Karakana ilijibu kwa ufupi: huyo ni mlevi, mtaa mzima unamjua, alikuja kazini amelewa. Na sasa mlevi mwenyewe amekaa kwenye kiti, anakubali.

"Ulikunywa nini?" Wakili aliuliza.

"Pombe."

"Pombe gani?"

Vituko alifikiri. Alikuwa amevaa miwani myeusi, na alipofikiri mdomo wake ulibaki wazi kidogo. "Pombe tu, mheshimiwa."

"Ulinywea wapi? Ulikuwa na nani?"

Vituko akamgeukia mkewe. "Mama Pacha, nilinywea wapi vile?"

"Sijui mimi," alijibu mkewe kwa sauti ya chini.

Miwani ilimteleza Vituko ikaanguka. Sajini aliinama kuiokota, magoti yakimlalamikia, na alipompa alimsogelea uso kwa uso. Mdomo wa Vituko ulinuka chai. Lakini alipopita tena nyuma ya kiti, pombe kali ilimpiga puani mpaka akapiga chafya.

Wateja walipotoka, Wakili alifungua dirisha. "Umesikia harufu hiyo? Asubuhi hii, ofisini kwangu."

"Shati ndilo linanuka. Mdomo unanuka chai."

"Hakimu hatanusa mdomo wake, Sajini. Hakimu atamsikiliza anavyosema mwenyewe kwamba alikuwa amelewa. Kesho nawajibu karakana. Nisipopata kitu, nafunga faili."

"Nipe leo basi."

"Leo ni yako. Ila usiniletee huruma, niletee shahidi."

*

Msimamizi wa karakana alikuwa na chumba cha vioo kilichomwezesha kuona mafundi wote bila kusikia wanachomwita. Alimkaribisha Sajini kwa heshima ya mtu aliyekwisha jiandaa.

"Alikuja kazini amelewa," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Siku hiyo alikuwa na kazi gani?"

"Kuongoza mzigo. Winchi inainua ubavu wa lori, yeye anashika kamba ili usiyumbe."

"Nani alimpangia?"

"Mimi. Kazi zote hapa napanga mimi."

"Kwa hiyo ulimwona mtu amelewa, ukampa kamba ya chuma kinachoning'inia juu ya vichwa vya wenzake."

Msimamizi aligeuka kuitazama winchi kupitia kioo.

"Chagua moja, baba," Sajini alisema bila kupandisha sauti. "Ama alikuwa mzima, ama wewe ndiye uliyetaka kuua watu. Mimi nitapeleka lolote utakalonipa."

Nje ya vioo, msumeno ulilia, ukanyamaza. Msimamizi alijifuta shingo kwa kitambaa. Ule ubosi wote ulikuwa umemtoka, akabaki mzee mmoja anayetafuta pa kuweka mikono.

"Sikumwona," alisema hatimaye. "Niliambiwa baadaye."

"Na nani?"

"Na mkewe."

Sajini nusura acheke. Katika miaka yake ya upolisi alikuwa amewasikia wanaume wengi wakiutupa mzigo mlangoni kwa mwanamke wa mtu. "Mkewe alikuja kukwambia mumewe mlevi. Hivi hivi tu."

"Alikuja kesho yake. Alisimama pale mlangoni analia. Akasema mumewe ana tatizo la pombe, wamelificha muda mrefu, nisimfukuze kazi, atamrudisha kwenye mstari. Mama, nikuambie ukweli, nilishangaa. Kabla ya hapo ningekuapia yule mtu hajui hata kizibo cha chupa kinafunguliwa vipi. Lakini mke wa mtu akikuambia, utambishia?"

"Na wakubwa zako ukawaambia hivyo."

"Nikawaambia. Walifurahi." Alitazama meza. "Walifurahi kupita kiasi, kama unavyoelewa."

Sajini alielewa sehemu ya wakubwa. Ya mke hakuiamini, akaiacha kando, akatoka kwenda kwa mafundi.

Winchi ilikuwa katikati ya karakana, na ndoano yake ilining'inia chini kuliko inavyopaswa. Mtu alikuwa ameichora macho mawili na midomo myekundu kwa rangi ya magari. Sajini aliizunguka mara moja akitafuta wa kumuuliza, na kila aliyemtazama alikumbuka ana shughuli mahali pengine. Mmoja tu hakuwahi kukimbia, fundi wa kuchomelea, kwa sababu alikuwa amelala chini ya lori.

"Toka nikuone," Sajini alimwambia. "Mimi magoti hayaniruhusu kukufuata huko."

Jamaa alitoka taratibu. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imejaa makovu madogo ya cheche kuanzia glavu hadi viwiko.

"Huyu mwenye midomo ni nani?" Sajini alielekeza kidole kwenye ndoano.

"Bibi harusi."

"Eti nini?"

"Tunamwita Bibi harusi, mama. Yuko chini sana, anagonga kila mtu. Akikugonga tunasema amekubusu, wewe ndiye bwana harusi. Sasa watu wote wanachukua spana, nyundo, chochote, wanagonga vyuma. Ni shangwe. Na wewe unainama kuwashukuru wageni." Alijipangusa paji la uso. "Ni utani wetu wa siku zote. Hata mimi nimeshaozwa."

"Na siku ya Vituko?"

Fundi alitazama kama kuna anayewasikiliza. Wenzake walikuwa wamewapa mgongo, na hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

"Siku ile haikuwa kama siku zote. Mzigo uliteleza ukatoka, ndoano ikarudi kwa kasi. Mimi nilisikia chuma kikigonga kichwa. Vituko akasimama vile vile. Tukakaa kimya kidogo, halafu yeye akainama kama bwana harusi. Basi tukaangua kicheko, tukaanza kugonga vyuma."

"Halafu?"

"Akauliza, 'Leo gari la nani hili?' Tukacheka. Akauliza tena. Na tena. Kila tukimjibu anauliza upya, kwa sauti ile ile. Mama, yule ni Vituko. Siku nyingine aliwahi kujifanya bubu mpaka mchana. Tulijua ni mchezo. Tukazidi kugonga. Akaenda nyuma ya lori akatapika, tukasema jamani huyu leo ameamua kutuua kwa kicheko." Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Mimi nilishika nondo. Niligonga kwa nguvu kuliko wote. Karibu na sikio lake."

"Alikuwa amelewa?"

"Vituko? Hata soda anainywa kwa kuibembeleza."

"Mbona hamkusema? Mnamwogopa bosi?"

"Watu wote wanadhani tunamwogopa bosi. Bosi tunamwogopa kawaida tu." Aligeuza uso. "Tunaona haya, mama. Tutasema nini mbele ya hakimu? Kwamba mwenzetu alikuwa anaharibikiwa mbele yetu na sisi tunampigia vyuma? Hata kwenda kumtazama nyumbani tumeshindwa. Tuliposikia alikuwa amelewa, Mungu anisamehe, nilipumua. Nikasema kumbe si sisi."

Sajini alimwacha asimame na aibu yake kidogo, kisha akamuuliza kama anaweza kuyarudia hayo mbele ya Wakili. Fundi alisema atakuja, ila asiulizwe kuhusu nondo. Sajini akamwambia ataulizwa hasa kuhusu nondo. Jamaa akatikisa kichwa kukubali, macho chini.

*

Shahidi alikuwa amepatikana, lakini shahidi mmoja hawezi kumbishia mteja mwenyewe. Ndiyo maana Sajini alipitia hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, akamjibu wakiwa wanatembea kwenye korido.

"Anasema alikunywa," Sajini alisema, akihema.

"Nani kamwambia?"

"Anasema mwenyewe."

"Nakuuliza nani kamwambia. Yule mtu siku ile hana. Ubongo ulipogonga ukuta wa fuvu uliacha kuhifadhi. Hakumbuki asubuhi yake, hakumbuki jioni. Ukimwekea kitu kwenye tundu hilo, ukakirudia kila siku kwa sauti anayoiamini, atakiona kabisa kama kilitokea. Hakudanganyi. Anakuambia alichopewa."

Sajini alipunguza mwendo. "Na harufu? Shati lake linanuka pombe na hajali."

"Hajui. Pua yake haifanyi kazi. Nilimnusisha kahawa, sabuni, mafuta ya taa, hakuna alichokitambua. Mishipa ya kunusa ni laini, kichwa kikitikiswa vibaya hukatika. Hilo hata wakili wako anaweza kulitumia, mtu haliigizi kirahisi." Daktari alisimama mlangoni kwa mgonjwa mwingine. "Kinachoniuma ni ile jioni ya kwanza. Alifikishwa zahanati ya mtaani, wakaambiwa amelewa, wakamrudisha akalale. Siwalaumu. Ndugu wa mgonjwa akiniambia amelewa, na mimi ningemwambia akalale."

"Angeletwa kwako siku ile?"

"Pengine leo angekuwa anapanda malori." Kisha akaingia, mlango ukafungwa.

*

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa vyumba viwili kwenye uwanja wa nyumba za kupanga. Katikati ya uwanja kulikuwa na bomba la wote, na kwenye bomba palikuwa na jirani anayefua huku akimkagua kila anayeingia. Alimsalimia Sajini kwa unyenyekevu na kumwelekeza kwa mlevi bila kuulizwa.

Sajini hakwenda moja kwa moja. Alisimama kwenye kamba ya nguo. Mashati ya Vituko yalikuwa yameanikwa, na kila moja lilikuwa na alama iliyofifia sehemu moja: nyuma, chini ya kola, ikishuka katikati ya mabega. Kifuani yalikuwa safi.

Ndani, Vituko alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, miwani usoni, mikono mapajani. Harufu ya chakula kinachoungua ilijaa chumba kizima. Sajini aliepua sufuria, akakuta maharage yameshika chini meusi.

"Shikamoo, mama," Vituko alisema. "Mama Pacha kasema niangalie sufuria. Nimeiangalia vizuri."

"Umeiangalia, mwanangu."

"Wewe ni yule wa ofisini. Nisamehe, mama. Pombe..."

"Kajilaze. Mwanga huu utakuumiza."

Aliinuka kwa utii akapita nyuma ya pazia. Mama Pacha alirudi muda si mrefu akiwa na mboga mkononi, akaona sufuria, akaona nani ameketi, na hakuuliza chochote. Aliurudisha mlango.

"Chupa iko wapi?" Sajini aliuliza.

"Chupa gani, mama?"

"Unayommwagia mumeo."

Mama Pacha aliweka mboga chini, jani moja baada ya jingine, kana kwamba zingevunjika.

"Nimekaa kaunta ya polisi nusu ya maisha yangu," Sajini aliendelea. "Walevi nimewapokea wa kila aina. Mlevi akimwaga, anajimwagia kifuani. Mumeo kalowa mgongoni, chini ya kola. Mtu mwingine ndiye aliyesimama nyuma yake. Yeye hanusi, kwa hiyo hajui. Na Msimamizi kaniambia kuna mwanamke alikwenda kulia mlangoni kwake. Nikamwona mwongo. Nimemkosea, maana kwa hilo alinijibu ukweli."

Mama Pacha aliingiza mkono nyuma ya debe la unga, akatoa chupa ya pombe kali. Ilikuwa imepungua kidogo tu.

"Ile jioni alirudi anapepesuka," alisema. Alizungumza na chupa, si na Sajini. "Akakojoa pale uwanjani, mbele ya watoto wa watu, mbele ya wanangu. Akawa anauliza ukuta gari la nani. Watu wote wametoka milangoni. Mama, baba yake mdogo alikuwa kichaa. Alifungwa kamba nyuma ya nyumba mpaka alipokufa, na binti zake hakuna aliyewaoa. Mimi nilipoolewa nyumba hii dada zangu walinicheka. Sasa naona macho yale yote, na pacha wangu wamesimama wanamtazama baba yao. Nikasema, 'Amekunywa.' Likanitoka tu. Nikaona nyuso zimelegea. Wakaanza kucheka. Jirani akasema, aah, kumbe na yeye ni wa chama. Nikashukuru, mama. Nilishukuru wanacheka."

"Na kesho yake ukanunua chupa."

"Watu walisema mbona hanuki. Nikanunua. Kila akianza kulia au kupiga kelele, namwagia kidogo. Leo asubuhi alilia uwanjani tukiwa tunakuja kwenu. Nilimwagia kabla hatujatoka getini."

"Na yeye ulimwambia nini?"

"Aliniuliza kwa nini watu wanamcheka. Nikamwambia alilewa. Akaniuliza tena, nikamwambia tena. Basi akaanza kwenda mlango kwa mlango kuomba radhi. Mtu ambaye hajawahi kuonja." Alijifunika uso kwa viganja. "Sina uso wa kumtazama. Nalala nimempa mgongo."

Sajini alitamani aishie hapo. Lakini lilikuwa limebaki moja, na alilijua tangu korido ya hospitali.

"Zahanati," alisema. "Nani alijibu?"

Viganja vya Mama Pacha havikuondoka usoni. "Jirani ndiye aliyenisaidia kumkokota. Alisimama pembeni yangu. Mganga akaniuliza, mama, huyu ameanguka? Amegongwa? Au amekunywa? Na jirani ananisikiliza."

"Ukasema amekunywa."

"Nikasema amekunywa."

Alilia bila sauti, mabega tu. Sajini hakumshika mkono, na pia hakumkaripia. Alichukua chupa akaiweka kando ya mguu wake, mbali na jiko.

"Nitafungwa?" Mama Pacha aliuliza baadaye.

"Hukuapa popote. Hufungwi. Lakini bila wewe faili linafungwa kesho. Fundi mmoja atasema hakuwa amelewa, daktari ataeleza pua na picha ya kichwa, lakini karakana itamsimamisha mumeo aseme alilewa, naye atasema, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha. Wa kumng'oa hapo ni wewe peke yako. Utasimama mbele ya hakimu, utayaeleza haya yote, chupa na zahanati. Mtaa utakuja kusikiliza. Sitakudanganya kwamba hutaaibika."

"Na pacha wangu?"

"Watajua baba yao si mlevi na si kichaa. Aligongwa kazini, akaumia ubongo. Watayajua na yako pia."

Pazia lilisogea. Vituko alikuwa amesimama pale, bila miwani, macho yamekunjwa kwa mwanga. Haikujulikana amesimama tangu lini.

"Mama Pacha," alisema, "mimi sijanywa?"

Mkewe aliinuka. "Hujanywa, baba."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile. Hata siku moja. Uligongwa na ndoano kazini. Mimi ndiye niliyesema umekunywa. Nilikusingizia, nikakumwagia pombe mgongoni ili watu waamini. Hata zahanati nilisema hivyo, na ndiyo maana hawakukutibu."

Vituko aliyapokea maneno hayo moja moja. Unaweza kumwona mtu akifikiri mpaka ukamwonea uchungu, kila neno analishika, analigeuza, anaogopa lisimpotee. Alipapasa nyuma ya kola yake, akanusa vidole, akanusa tena.

"Sisikii kitu," alisema.

"Najua."

"Kwa hiyo nilikuwa naomba radhi ya nini?"

Mama Pacha alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, akamshika miguu. Vituko alimtazama kwa muda, kisha akajikongoja kuinama mpaka akakaa chini mbele yake. Sajini alifikiri sasa ile hasira itampanda, akajisogeza tayari. Haikupanda. Mume alitazama mlango, akapunguza sauti kwa siri, kama mtu anayemwepusha mwenzake na hatari.

"Usiwaambie watu," alisema. "Watakusema vibaya. Utaona aibu mbele za wenzako. Mimi wameshanizoea, acha niwe mlevi tu. Sivyo, mama?" Alimgeukia Sajini. "Mwambie asiseme. Mimi nitasema nilikunywa."

Sajini, mwenye majibu ya kila mtu, aliangalia sufuria iliyoungua. Alijua kwamba akisema neno moja la kumsukuma yule mwanamke, neno hilo litakuwa lake yeye, na mbele ya hakimu halitasimama.

Mama Pacha alifuta uso kwa mgongo wa mkono. Alimsaidia mumewe kuinuka, akamkalisha kwenye kigoda, akamvalisha miwani. Kisha akaichukua ile chupa kutoka mguuni pa Sajini, akaufungua mlango wote, akatoka nayo mkononi mchana kweupe hadi katikati ya uwanja. Milango miwili mitatu ilifunguka. Jirani aliinua kichwa kutoka kwenye beseni, akaiona chupa, akatabasamu.

"Jirani," Mama Pacha alisema, na sauti ilimtetemeka lakini ilifika kila mlango, "funga hilo bomba kidogo, unisikie vizuri."